MAREHEMU ANAKUNYWA CHAI

Wiki jana tulimwacha Clarrie Pascoe makalio yakiwa hewani, hajasimama wala hajakaa. Wewe uliyechelewa usihuzunike, hujapitwa na mengi. Clarrie ni mkulima wa ngano na kondoo kutoka Wimmera, Australia. Mkewe ni Noelene. Wako Uingereza likizo, wanazunguka miji ya kale na majumba ya mabwana wa zamani, na siku hiyo walikuwa katika jumba la Ellerscar, upande wa York. Clarrie goti lilimuuma, akaona kiti cha mbao kilichonakshiwa, akageuza mgongo, akajishusha.

Kiti kilimpokea kwa heshima zote. Kisha kikasema: kraaa!

"Nakufa!" Clarrie alipiga yowe mpaka picha za mabwana ukutani zikaonekana kushtuka.

"Umevunjika?" Noelene alimkimbilia.

"Sijavunjika! Nimechomwa! Mfukoni, mfuko wa nyuma, toa, toa haraka!"

Noelene akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali ya mumewe na kutoa konzi nzima ya maua makavu ya mbigili.

Sasa sikiliza kisa cha mbigili hizo. Katika majumba hayo ya kale hawaandiki "usikae". Wenyewe huona ni aibu kumkataza mgeni kwa maandishi. Wanaweka ua moja kavu la mbigili juu ya kiti, basi. Mwenye akili ataelewa, na asiye na akili makalio yatamwelewesha. Mwingereza analijua hilo tangu anatambaa.

Lakini Clarrie katoka Wimmera, na huko mbigili si ua, ni adui. Ukiacha moja tu shambani ikatoa mbegu, majirani hawakusalimii kanisani, na wakaguzi wanakuja kukusimamia uing'oe. Mtu wa namna hiyo, tangu mlango mkubwa, kila alipokuta mbigili kwenye kiti alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaiokota na kuitia mfukoni. Nyumba nzuri kama hii, alijiambia, halafu wenyewe wameiachia magugu hadi kwenye viti!

Noelene alikuwa naye vyumba vyote hivyo lakini hakumwona. Macho yake yalikuwa dirishani, anatafuta mtu. Nitakwambia nani.

Kabla Clarrie hajanyanyuka sakafuni, mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mrefu mwembamba, sweta la kijani, lulu shingoni, beji kifuani. Ni mmoja wa wale wanaojitolea kulinda vyumba na kuwaeleza wageni habari za kale. Alitazama kiti. Alimtazama Clarrie. Alitazama mguu wa kiti uliokuwa umelala peke yake kwenye zulia.

"Hicho," alisema kwa sauti ya chini, "kimekaliwa mara ya mwisho na askofu."

"Basi askofu alikuwa mwepesi," alijibu Clarrie.

Noelene hakusikia. Alikuwa anasoma beji. HESTER THACKWRAY.

Alilisoma tena, herufi kwa herufi.

Thackwray! Jina hilo amelala nalo na kuamka nalo. Binti yao wa pekee, Tegan, anafanya kazi Uingereza na amepata kijana huko, Giles Thackwray. Alimwambia mama yake kwa simu hayo tu, kisha akaongeza: "Mama, nakujua. Ukija kunichungulia kama ulivyonichungulia kwa Darcy, ujue huna binti. Sirudii."

Darcy alikuwa mchumba wa kwanza. Noelene aliingia nyumbani kwake kwa dirisha la jikoni, akakagua friji, akatoka na chupa ya maziwa yaliyoganda ili kuionyesha ukoo mzima. Uchumba ukafa hata maziwa hayajamwagwa.

Mtu mwingine angekoma. Lakini hofu ya mama haina breki. Noelene alimwambia mumewe waende likizo Uingereza. Na Tegan? Ah, Tegan yuko Uskoti kikazi, hana nafasi. Clarrie wa watu akaamini. Akapelekwa Canterbury, akapelekwa Bath, akapandishwa kilima cha Lincoln mpaka goti likavimba, hajui kwamba makanisa yote yale yalikuwa chambo na ndoano ilikuwa huku Ellerscar, kwenye kijiji cha akina Thackwray, alichokipata kwa kulisaka jina hilo. Noelene alitaka kumwona huyo kijana kwa mbali. Kwa mbali tu! Akina mama wenzangu, hilo "kwa mbali tu" limetuponza wengi.

Na sasa mama wa kijana kasimama mbele yake, hatua mbili, na mguu wa kiti mkononi.

"Mmetoka nchi gani?" aliuliza Bi Hester.

"Austra..." Clarrie alianza.

"Nyuzilandi!" Noelene alipiga kelele, na kisigino chake kikatua juu ya kidole gumba cha mumewe.

Wasomaji, mnaojua mambo ya kule mnajua. Mwambie Mwaustralia kuwa ni mwizi, atacheka. Mwambie ametoka Nyuzilandi, kwa watani wao, anavua koti apigane. Clarrie aliyevumilia kuanguka na kuchomwa, hili lilimtoa machozi.

"Nyu... nini?"

"Nyuzilandi, mpenzi. Kwetu. Mimi ni Joy," alisema Noelene akitabasamu meno yote, "na huyu ni mume wangu, Neville."

Jina lilimtoka bila kufikiri, na lilikuwa baya kuliko yote. Neville ni jirani yao, mzee mvivu ambaye mbigili za shamba lake huvuka uzio kila mwaka kuingia kwa Clarrie. Hawajasemezana tangu Tegan yuko shule ya msingi.

"Neville," Clarrie alirudia taratibu, kama mtu anayeonja dawa.

Bi Hester hakuwa na habari na majina. Ameziona mbigili mkononi mwa Noelene.

"Hizo... mmezitoa wapi?"

"Kwenye viti vyenu," alisema Clarrie, na fahari ikamrudia. "Vyumba vyote toka mlangoni. Sikuacha hata moja. Usinishukuru."

Bi Hester alishika lulu zake. Na kabla hajapata pumzi, kutoka chumba cha pili ikasikika sauti ya bibi mmoja ikiita kwa furaha: "Agnes! Agnes, njoo! Leo wameruhusu kukaa!"

Walikimbia wote watatu.

Kundi zima la wazee waliokuja kwa basi la matembezi lilikuwa limejipumzisha kila mahali. Babu mmoja alikuwa amenyoosha miguu juu ya kigoda cha hariri. Mwingine alikuwa anakula ndizi kwenye kiti cha harusi ya binti wa mfalme. Bibi wawili walikuwa wamebanana kwenye kochi la vitambaa vya dhahabu, na kochi linalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

"Simameni, tafadhali," Bi Hester aliomba. "Viti hivi vina mbigili."

"Havina," alisema Agnes, akijipapasa kwa chini. "Nimeangalia."

"Sasa hiki kina," alisema Noelene, na kuchomeka moja.

Agnes alisimama haraka kuliko umri wake.

Wakaenda hivyo chumba hadi chumba, Noelene akichomeka, Clarrie akisaidia kuinua wazee, Bi Hester akiomba radhi, mpaka kila kiti kikarudishiwa mbigili yake. Kilibaki kimoja, kile cha askofu.

Bi Hester aliwarudisha kwenye chumba chake, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

"Nawaomba," alisema, na mara sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, "msimwambie Kanali."

"Kanali gani?" Clarrie aliuliza.

"Mkuu wetu sisi tunaojitolea. Mlinzi haondoki chumbani kwake, ndiyo sheria. Mimi niliondoka. Nilikwenda dirisha la ngazi kuangalia kama gari la mwanangu limefika. Akijua ataninyang'anya beji, na kijijini nitaitwa mwanamke aliyeua kiti cha askofu."

Huku akisema alikuwa amepiga magoti. Akaupachika mguu mahali pake, akakisogeza kiti kikaegemea ukuta, akaweka mbigili juu, akajipangusa mikono.

"Tayari. Hakuna atakayekaa, hakuna atakayejua. Miaka mia tatu mingine."

"Huo si uongo huo?" aliuliza Clarrie.

"Si uongo, bwana. Huo ni uhifadhi."

Noelene alimtazama mama huyu kwa jicho jipya. Kwa dakika ile alimpenda. Ndiyo ubaya wa waongo, hutambuana kwa harufu kama mbwa wa njia moja.

Sasa kazi ilikuwa kuondoka kabla ya gari la huyo mwana kufika.

"Basi sisi twende zetu," alisema Noelene.

"Hapana, hapana. Baada ya wema wenu? Zamu yangu imekwisha, mnakunywa chai nami. Sikubali kukataliwa. Joy, Neville, nifuateni."

"Neville amechoka."

"Neville anasikia njaa," alisema Clarrie, ambaye alikuwa ameanza kulipiza kisasi.

Mkahawa wa jumba ulikuwa zizi la farasi zamani. Waliwekewa chai, na keki ya matunda yenye kipande kinene cha jibini ubavuni, maana watu wa huko hawali moja bila nyingine. Clarrie aliitazama sahani kama mtu aliyeletewa viatu viwili vya mguu mmoja, lakini alipoonja akanyamaza, akala.

Noelene alichagua kukaa akitazama mlango.

"Huko kwenu Nyuzilandi," alisema Bi Hester, akimimina maziwa, "bila shaka mnawajua Waaustralia?"

"Kidogo," alisema Noelene.

"Ni watu wa namna gani? Niambieni ukweli. Si mnakaa nao jirani?"

"Wazuri sana," alisema Clarrie kwa moyo wake wote. "Wachapa kazi. Wakweli. Wazuri wa sura pia."

"Unawasifu hivyo wewe, mtu wa Nyuzilandi? Nilisikia mnagombana hata kwenye raga."

Kisigino kikakandamiza kidole chini ya meza. Clarrie alifumba macho.

"Raga... timu ya Nyuzilandi," alisema, na kila neno lilitoka kama jino linalong'olewa, "ndiyo... bora... zaidi." Kisha akanywa chai yote kwa mkupuo, kuosha kinywa.

"Nauliza," Bi Hester aliinamisha kichwa, "kwa sababu mwanangu anaoa Mwaustralia. Jumamosi."

Kijiko kilimponyoka Noelene.

"Jumamosi ipi?"

"Hii hii. Ya kimya kimya, kanisa letu pale ng'ambo ya bustani. Binti mwenyewe hana makuu. Tegan."

"Tegan?" Clarrie aliweka keki chini. "Tegan si yuko Us..."

Kisigino! Lakini safari hii Clarrie hakushtuka. Alimgeukia mkewe polepole, akamtazama usoni, na Noelene akaona Canterbury na Bath na kilima cha Lincoln vikipita kimoja kimoja kwenye macho ya mumewe, vikipanga foleni, vikieleweka.

Clarrie alikata kipande kingine cha jibini. Noelene ameolewa naye tangu ujana, anajua kelele zake zote, lakini ukimya ule hakuwahi kuusikia.

"Na wazazi wa binti," Noelene alijikaza, "watakuja?"

"Masikini," alisema Bi Hester. "Baba yupo, mkulima, lakini anaogopa kupanda ndege. Mama alishafariki."

Hapo ndugu zangu niachieni nivute pumzi, maana hata aliyenisimulia alivuta.

Noelene alifungua mdomo. Alijishika mkono mmoja kwa mwingine, pengine kuhakikisha yu hai.

"Alifariki," alirudia.

"Nyoka. Bandani kwao, alikuwa anatafuta mayai. Aina ile ya kahawia. Walipofika hospitali, tayari."

"Pole sana," alisema Clarrie kwa huzuni kubwa.

"Ndiyo hivyo."

"Na alikuwa mke mwema, huyo marehemu?" Clarrie aliuliza, akisogeza kiti karibu.

"Nev-ille," alisema Noelene.

"Joy, mpenzi, nataka kujua tu. Habari ya msiba huulizwa."

Bi Hester alipunguza sauti. "Binti hapendi kumsema. Lakini niliambiwa alikuwa mkali kidogo. Mwenye kuingilia. Akiingia nyumba za watu anakagua friji."

"Friji!" Clarrie alitikisa kichwa. "Kweli dunia ina watu."

"Lakini mumewe alimpenda. Binti anasema tangu afe, mzee analia kila siku."

"Kila siku?" Clarrie alifikiri. "Labda Jumapili, akikosa nyama ya kuoka."

Noelene alitamani kumpiga kwa birika. Lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kingine kinachomng'ata, kidogo kidogo. Mwanawe amemuua. Si kwa hasira ya siku moja. Amekaa, akachagua nyoka, akachagua banda, akachagua mayai. Mtoto hawezi kutunga hivyo kama hajafundishwa nyumbani. Na nani aliyemfundisha? Nani aliyekuwa akimwambia mtu wa simu "Noelene hayupo" huku mwenyewe kasimama palepale, na mtoto anamtazama? Wenye watoto, tahadhari. Hatuoni wakisoma, lakini wanasoma.

"Tumemwandalia kila kitu binti wa watu," Bi Hester aliendelea, uso unang'aa. "Gauni ni la marehemu mama mkwe wangu, limepunguzwa. Watakaa nyumba ndogo nyuma ya kwangu, nimekwishaipaka rangi. Jumanne atalinda chumba hapa pamoja nami, nimemwandikisha. Alikuwa na sauti kubwa mno alipokuja, sasa tumeirekebisha. Giles ananisikiliza kwa yote, na yeye atajifunza."

"Na friji yao?" Noelene aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza.

"Ninao ufunguo wa nyumba," alisema Bi Hester. "Naipanga mwenyewe."

Noelene alimtazama mama yule mwenye lulu. Alikuwa anajitazama kwenye kioo. Kioo chenyewe kirefu, chembamba, chenye sweta la kijani.

Lazima aondoke. Lazima aondoke sasa, Tegan asimwone. Akionwa hapa, kwenye meza ya mama mkwe, siku chache kabla ya harusi, hakuna maelezo duniani yatakayomwokoa. Atakuwa hana binti, kama alivyoapiwa. Alisimama.

"Choo kiko wapi?"

"Mlango ule ule tulioingilia, kushoto."

Noelene aliufikia mlango mbio. Akashika kitasa. Kitasa kikazungushwa kutoka upande wa pili.

Tegan.

Mama na binti walisimama pua kwa pua. Tegan alikuwa amevaa sweta la kijivu lililofungwa vifungo mpaka kooni. Nywele zake, zilizokuwa zikiruka kama nyasi za Wimmera, zilikuwa zimelazwa na pini. Hakupiga kelele. Rangi ilimtoka tu, ikamshuka yote.

Nyuma yake alikuja kijana mrefu, mwenye haya, anayepangusa viatu kwenye mkeka mara mbili zaidi ya inavyohitajika. Alimpita Noelene bila kumwona, akatazama mezani, na uso ukafunguka.

"Mzee Pascoe!"

Ukumbi mzima wa chai ukageuza shingo.

"Ni wewe! Picha yako iko mezani kwa Tegan, wewe na kondoo dume mwenye utepe! Mama, ni baba yake Tegan! Umeshinda ndege, mzee! Umekuja!"

"Giles, usipige kelele," alisema Bi Hester. "Huyu ni Neville, wa Nyuzilandi."

Clarrie alisimama. Alivuta suruali juu, akanyoosha mgongo, goti na yote.

"Bibi," alisema, "nimeanguka nyumbani mwenu, nimechomwa, nimekanyagwa, nimesifu raga ya watu. Mengine muulizane wenyewe. Lakini mimi si wa Nyuzilandi. Hilo nakataa mpaka kaburini."

Bi Hester aliweka kikombe chini. Alimtazama Clarrie, kisha macho yake yakasafiri taratibu kuvuka ukumbi, yakatua mlangoni, juu ya Noelene.

"Kama wewe ni baba yake Tegan," alisema, kila neno kwenye sahani yake, "mfiwa, unayelia kila siku... basi huyu mwanamke unayetembea naye kwa jina la uongo ni nani?"

Agnes na wenzake, waliokuwa wamefika kunywa chai, waligeuza viti vyao kutazama vizuri.

Noelene alimtazama binti yake. Angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, fupi, ana haki nalo kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini akilisema, Tegan ni mwongo mbele ya wakwe zake wote. Akilimeza, yeye ni maiti. Akamwachia mtoto achague, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani.

Tegan akamgeukia Bi Hester.

"Ni mke mpya wa baba," alisema.

Jibini lilimpalia Clarrie. Babu mmoja wa kundi la Agnes ilibidi ampige mgongoni.

"Mke mpya!" Giles alifurahi. "Hongera, mzee! Mama, si vizuri?"

"Tutaona kama ni vizuri," alisema Bi Hester.

"Mama anasema tutaona," Giles alimweleza Tegan, kama vile Tegan hakusikia.

"Haya, Tegan," Bi Hester alipiga makofi madogo mawili, kama mtu anayeita kuku. "Mkumbatie mama yako wa kambo. Usimame wima. Tabasamu."

Tegan alisimama wima. Akatabasamu. Noelene aliona tabasamu lile na akalijua si la mwanawe. Hilo lilikuwa tabasamu la kuazima, limepunguzwa kama gauni. Mtoto huyu alikuwa anaendesha trekta akiimba mpaka mbwa wanabweka. Mtoto huyu aliwahi kumtoa mwalimu mkuu mbio kwa kicheko chake.

Tegan akaja, akamkumbatia kwa mikono ya baridi, kama inavyofaa kwa mama wa kambo. Shavu kwa shavu. Watu wote wanatazama.

Kisha vidole vyake vikashika koti la Noelene kwa nyuma, vikalikunja, vikang'ang'ania, kama zamani alipokuwa mdogo na radi inapiga juu ya bati.

"Mama," alinong'ona sikioni, sauti ndogo isiyofika hata kwenye pini za nywele zake, "nilikuua kwa sababu ungekuja, ungeona siku ya kwanza tu ninachokiona sasa, nami sikutaka kukiona. Nimeshindwa kuwaambia sitaki. Nitoe hapa kabla ya Jumamosi."

Noelene alimshika kichwa.

Mama aliyekatazwa kuingilia! Mama aliyeapiwa! Aliyezunguka nusu ya Uingereza akijificha nyuma ya makanisa ili aone kwa mbali tu! Sasa anaombwa, na hajui aanzie wapi, maana tangu azaliwe hajawahi kuingilia kwa kuombwa.

"Inatosha sasa," Bi Hester aliita kutoka mezani. Alikuwa amekwishavuta viti viwili zaidi, na kila mtu amepangiwa pake. "Kaa hapa karibu yangu, Joy, kama kweli ndilo jina lako. Wewe bila shaka umesikia mengi kutoka kwa mumeo. Mimi nataka kuijua familia ninayoungana nayo. Tuambie: marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Clarrie aliacha kukohoa. Giles, aliyekwishajikatia keki, aliacha kutafuna. Tegan alikuwa bado ameshika ncha ya koti.

Noelene alikaa. Akavuta kikombe, akamimina chai yake mwenyewe kabla Bi Hester hajafikia birika, akainywa taratibu mpaka chini. Akamtazama mama wa bwana harusi machoni.

"Marehemu?" alisema. "Marehemu alikuwa mtu mgumu sana kufa."